Semina, kozi ya kwenye simu au kikao cha kituoni: ipi itawasaidia kweli wafanyakazi wako kutibu kwa ushahidi?

Wiki ilopita mwenzangu mmoja anaesimamia vituo vya afya huku kaskazini Pemba kanipigia simu. Kapata fungu dogo la mafunzo, anataka wafanyakazi wake wajifunze kutibu kwa ushahidi, yaani wasitibu kwa mazoea wala kwa sababu "mkubwa wangu alinifundisha hivi", sasa kaniuliza afanye lipi: semina ya siku 3 Chake Chake, awaandikishe kozi ya mtandaoni kila mtu na simu yake, au aanzishe kikao cha kila wiki hukohuko kituoni. Nikamrekodia sauti ya dakika 11 na bado sikumaliza. Ndo nikaona niandike, maana najua hayuko peke yake, na njia zote 3 mie nishazipitia, mwanzo nikiwa nakaa upande wa kusikiliza na saivi nikiwa ndo ninaesimama mbele.

Jibu langu la haraka: kama fungu linatosha kitu kimoja tu, kiwe kikao cha kituoni. Lakini msichukue hilo moja mkaondoka, kuna pahala semina inakishinda na kuna mtu ambae simu ndo njia yake pekee.

Kwanza tuelewane tunafundisha nini, maana hapa ndo pesa nyingi zinapotea. Haya mambo yalipata jina mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kina Gordon Guyatt na David Sackett wa Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada, na watu wengi wakisikia "ushahidi" wanadhani ni kusoma makala ndefu za Kiingereza na kupiga hesabu. Sackett na wenzake mwaka 1996 walishaeleza kuwa ni mambo yakae pamoja: utafiti bora uliopo, uzoefu wa anaetibu, na hali na matakwa ya mgonjwa mwenyewe. Hatua zinazofundishwa ni 5: uliza swali linalojibika, tafuta jibu, lipime kama linaaminika, litumie kwa mgonjwa ulienae, halafu jikague. Na mwaka 2000 Guyatt mwenyewe na wenzake wakaandika kuwa si kila mtoa huduma ana haja ya kupima utafiti kuanzia mwanzo, wengi wanachohitaji ni kujua pa kuupata ushahidi ulokwisha kuchujwa na kuutumia vizuri. Nesi wa kituo kidogo ambae asubuhi ana chanjo, katikati ana waja wazito na mchana yeye huyohuyo ndo anatoa dawa dirishani, huyu usimfundishe kupiga hesabu za takwimu. Mfundishe kuuliza, kujua pa kutazama, na kuifungua rejista yake mwenyewe bila ya woga. Njia yoyote utakayochagua ipime kwa hilo.

Semina

Tuwe wakweli, semina ina raha yake na ina kazi yake. Watu wa Konde na watu wa Kengeja wanakutana, mnakaa siku kamili bila ya kuitwa leba, na mambo mageni yanaelezwa na mtu anaeyajua khasa. Ukiwa una mwongozo mpya wa matibabu na unataka vituo vyote viusikie kwa pamoja wiki hiyohiyo, semina haina mpinzani. Simu hazitafika kwa wote na vikao vya vituoni kila kimoja kitauelewa kivyake.

Tatizo ni kinachotokea mtu akisharudi. Kuna mapitio makubwa ya mwaka 2009 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kukusanya na kupima tafiti za tiba, yalokusanya tafiti 81 za mikutano ya mafunzo kwa watoa huduma, na faida waloiona ukiitazama ile ya katikati ni kama asilimia 6 tu ya kufuata utaratibu unaotakiwa, na ilikuwa ndogo zaidi pale jambo lenyewe lilipokuwa gumu kulibadilisha. Wengine wawili, Coomarasamy na Khan, mwaka 2004 walilinganisha mafunzo ya ushahidi yanayofanywa pembeni, darasani, na yale yaliyochanganywa ndani ya kazi ya kutibu. Ya darasani yaliongeza ujuzi wa kichwani basi. Yaliyochanganywa na kazi yaliongeza ujuzi, yakaongeza ufundi wa kupima tafiti, yakabadili mtazamo na yakabadili matendo. Wengi katika tafiti zile walikuwa madaktari waliokwisha kuhitimu, si manesi wa vijijini, lakini ninachokiona huku hakiendi kinyume na hapo.

Na mie nilikiona mwenyewe. Semina moja nilohudhuria (waandaaji siwataji, nia yao ilikuwa nzuri) tulipewa siku 3 za slaidi za Kiingereza, jinsi ya kuchambua makala, jinsi ya kupiga hesabu ya wangapi utawatibu mpaka apone mmoja. Pembeni yangu alikaa mkunga mmoja mtu mzima, shehia yake nusu ya watoto kawapokea yeye kwa mikono yake, siku zote 3 hakuuliza hata neno. Tukapanda gari pamoja kurudi, tumeshapita Chake ndo akanambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mie nilitaka kujua tu, kitovu cha mtoto nikipake ile dawa au nikiwache?"

Jamani. Lile lilikuwa swali zuri kuliko yote yalioulizwa ule ukumbi, na kumbe limekamilika kama linavyotakiwa kufundishwa: mgonjwa ni nani, unampa nini, badala ya nini, unatarajia nini. Na jibu lake limetafutwa hapahapa Pemba! Watoto wachanga karibu 37,000 wa kisiwa hichi waliingia kwenye utafiti wa klorheksidini, dawa ya kuulia vijidudu inayopakwa kitovuni, majibu yakatoka mwaka 2016. Waliopakwa dawa walikufa 10.5 kwa kila watoto 1,000, waliowachwa kitovu kikavu 11.7, tofauti ambayo inaweza ikawa ni bahati tu. Kabla ya hapo tafiti za Nepal, Bangladesh na Pakistan zilionesha dawa inaokoa, mwaka huohuo 2016 Zambia nao hawakuona faida ya kupunguza vifo. Mwongozo wa WHO wa wakati ule, wa mwaka 2014, ulisema ipakwe kwa wanaozaliwa majumbani pale ambapo vifo vya wachanga ni 30 au zaidi kwa kila 1,000, kwengine kitovu kiwe kisafi na kikavu, na dawa ifikiriwe tu pale inapochukua nafasi ya kitu cha madhara ambacho watu wanakipaka. Kwa mama anaejifungua kituoni kwake jibu lingekwisha kwa dakika 5. Tulikaa siku 3 kwenye semina ya ushahidi na mtu mwenye swali karudi nalo nyumbani.

Kwa hiyo ukiwa utafanya semina, fanya ya siku moja, kwa Kiswahili, na maswali yakusanywe vituoni kabla ya siku. Ifungue kwa kisa kimoja kitakachowatikisa. Mie hutumia ule utafiti wa dripu wa mwaka 2011, Kenya, Uganda na Tanzania, hapo ng'ambo Muheza walikuwemo, watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kudhoofika. Kila mtu anajua mtoto wa hivo unamkimbizia maji ya mshipa kwa haraka, ndo akili inavyosema. Waliokimbiziwa maji walikufa asilimia 10.5 ndani ya saa 48, wasiokimbiziwa asilimia 7.3. Ukumbi unanyamaza. Lakini hapohapo sema wazi kuwa watoto wa kuharisha hawakuwemo kwenye utafiti huo, mtu asiende akamnyima maji mtoto alokauka, maana kujua utafiti haumhusu nani nako ni nusu ya somo.

Na tazama nani anatumwa. Kwetu anaetumwa mara nyingi ni mkuu wa kituo, na anaewaona watoto wengi ni yule nesi alobaki nyuma peke yake na foleni ya siku 3.

Simu

Hapa nitakuwa mfupi. Uzuri wa kozi ya mtandaoni ni kuwa kituo hakibaki mtupu, mtu anarudia somo mpaka alielewe, na gharama ni bando. Pia inafungua mlango wa maktaba. WHO pamoja na wachapishaji wakubwa walianzisha Hinari mwaka 2002 ili taasisi za nchi kama yetu zisome majarida ya tiba bila ya malipo au kwa bei ndogo, unaingia kwa neno la siri la taasisi, kwa hiyo kaulize chuoni au hospitali kubwa kabla hujalipa pahala. Na ule muhtasari mfupi wa mapitio ya Cochrane ni bure kwa mtu yeyote mwenye intaneti.

Ubaya wake ni lugha, ni bando lenyewe, na ni kusoma saa 4 za usiku mtu kachoka hoi. Anabonyeza afike mwisho apate cheti. Hakuna wa kumwambia "hiyo dawa sie hatuna, tufanyeje?" Ukilinganisha na semina, simu inamfaa zaidi tabibu kijana alotoka skuli karibuni, Kiingereza hakimsumbui, kapangwa kituo cha mbali ambako wa kujadiliana nae hayupo. Kwa yule mkunga wangu wa kitovu haimfai kabisa. Na groupu la WhatsApp si kozi, ni kikumbusho tu, ukiliwacha bila ya mtu wa kulisimamia linajaa tetesi na picha za wagonjwa ambazo hazikutakiwa kupigwa.

Kikao cha kituoni

Sasa hapa ndo nataka tukae. Sie kikao chetu ni Alkhamisi saa 8 mchana, wagonjwa wakishapungua, dakika 40 hazizidi. Mezani kwenye chumba cha kutibia kuna daftari la kurasa 96, limefungwa kalamu kwa uzi. Mtu yeyote akipata shaka wiki nzima anaandika humo, awe nesi, awe anaetoa dawa, awe anaeandikisha wagonjwa mlangoni. Alkhamisi tunachagua moja. Wanakwenda wawili kulitafutia jibu, mmoja kijana mwenye simu na Kiingereza, mmoja mkongwe anaejua wagonjwa wetu, na pa kuanzia ni mwongozo wa matibabu wa Zanzibar, wakikosa ndo WHO, wakikosa ndo mapitio ya tafiti. Wiki ya pili wanaleta nusu ukurasa kwa Kiswahili. Tunaamua: tunabadilisha, hatubadilishi, au tunauliza wilayani. Halafu tunaandika tarehe ya kurudi kwenye rejista kuhesabu.

Nitoe mfano wa mtoto anaeharisha, maana huu ndo unaonesha tofauti na semina. Mwaka 2004 WHO na UNICEF walielekeza ORS (ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji) yenye chumvi ndogo na zinki siku 10 mpaka 14, kipimo cha wakati ule kikiwa mg 20 kwa siku, na mg 10 kwa alo chini ya miezi 6. Antibaiotiki si ya kila kuharisha, ni kwa mwenye damu kwenye choo au kipindupindu. Hilo kwetu kila mtu alilijua, semina zake tulishakwenda na vyeti tunavyo. Tukafungua rejista tukawahesabu watoto 20 wa mwisho, dada mmoja anasoma, mie napiga alama kwa kalamu nyekundu pembeni. Alama za zinki hazikufika nusu. Za metronidazoli, ambayo nayo ni antibaiotiki, zilishuka ukurasa mzima. Hakuna alosema kitu, na kwa sababu ni mwandiko wetu wenyewe hapakuwa na wa kumlaumu.

Tukaulizana kwa nini. Zinki ilikuwepo, boksi zima. Ila mama akipewa ORS na kidonge cha zinki anaona hajatibiwa, anataka dawa ya "kufunga tumbo", na foleni ni ndefu, na metronidazoli inamaliza mazungumzo. Kumbe tatizo halikuwa ujuzi kabisa! Lilikuwa ni yale maneno ya dakika 2 na mama. Basi kile kikao chote kikawa mmoja anakuwa mama, mmoja anakuwa nesi, mpaka tukapata maneno yanayokubalika: kwamba zinki inafupisha ugonjwa na inamkinga asirudie mapema, kwamba maji ndo yanayomuokoa, na arudi mbio akiona damu, akishindwa kunywa, au macho yakizama. Tukaweka jagi na kikombe kwenye benchi, pakiti ya kwanza ya ORS inachanganywa palepale mama akitazama. Baada ya mwezi tukahesabu tena, zinki ilipanda wazi, metronidazoli ilishuka ingawa haikwisha. Slaidi gani ingeligundua lile jagi?

Hata hii kazi ya kuhesabu na kurejesha majibu imepimwa. Mapitio ya mwaka 2012 yenye tafiti 140 yaliona faida ya katikati ni asilimia 4.3, ndogo, lakini inakuwa kubwa zaidi pale mlipokuwa mnafanya vibaya mwanzo, pale anaerejesha majibu ni msimamizi au mwenzenu, pale linapofanywa zaidi ya mara moja kwa mdomo na kwa maandishi, na pale mnapokuwa na lengo na mpango. Karibu vyote hivyo kituo kidogo kinavimudu bila ya senti. Na mtu kutembelea kituo kuwaelekeza watu hapohapo kazini, mapitio ya mwaka 2007 yalipata asilimia 5.6. Ukiziweka pembeni ya ile 6 ya semina utaona hakuna dawa ya miujiza hapa, kila njia inasogeza kidogo, ndo maana mie nasema zichanganywe na zirudiwe, na inayorudika kwa bei rahisi ni hii ya kituoni.

Swali jengine lilotufundisha sana lilikuwa la watoto wenye damu ndogo: tuwape vidonge vya chuma watoto wote wadogo au tuchague? Vijana wakatafuta wakarudi wamepigwa na butwaa, kwa sababu dunia nzima inalijibu swali hili kwa kutaja Pemba. Watoto zaidi ya 24,000 wa kisiwa hichi, wote chini ya miaka 3 walipoanza, walikuwemo kwenye utafiti, na mwaka 2003 sehemu ya waliopewa chuma na foliki asidi ikasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu kulazwa na kufa kulikuwa juu zaidi kwao, kama asilimia 12. Lakini wale waliopimwa wakaonekana kweli wana upungufu wa chuma na wa damu, wao chuma kiliwasaidia. Majibu yalipotoka mwaka 2006 mwongozo wa dunia ulibadilika. Nikiwa naandika hayo ubaoni mmoja wetu, nesi mtu mzima, akasema taratibu, "Mwanangu wa kwanza alikuwemo." Kimya. Tokea siku ile hakuna anaeniambia tafiti ni mambo ya Wazungu.

Halafu likaja la pili, gumu zaidi. Wakati ule malaria ilikuwa imejaa, leo Zanzibar maambukizi yako chini ya asilimia 1, je ushahidi wa 2003 bado unatuhusu vilevile? WHO mwaka 2016 wakaelekeza kuwa penye malaria chuma kiende pamoja na kinga, kupima na kutibu malaria. Tulibishana wiki 2, tukauliza wilayani. Ubishi ule ndo hatua ya 4, kulitumia kwa mgonjwa ulienae, na sijawahi kuiona ikifundishika ukumbini.

Sasa kasoro za kikao, msije mkasema nimeficha. Ukiwa hamna hata mmoja anaejua kuchuja, mtakubaliana wote kwenye kosa na mtatoka mnajiamini. Kinakufa mwenye kukisukuma akihamishwa. Mwezi wa kampeni ya chanjo kinasimama na kukianzisha tena ni kazi. Na mkuu wa kituo akisema mwanzo basi wote wanasema "ndivo", kwa hiyo kwetu anaanza mdogo kwa cheo, mkuu anafunga.

Nilimshauri nini mwenzangu

Kwa hali yake, vituo vingi vidogo, watu wachache, fungu dogo: siku moja ya pamoja kwa Kiswahili, maswali yakusanywe kabla, na kila kituo kitoe watu wawili, mmoja awe mkuu na mmoja awe yule anaewaona wagonjwa khasa. Pesa zilobaki zote ziende kwenye nauli ya mwezeshaji mmoja apite kila kituo mara moja kwa mwezi kwa miezi 6, akae kwenye Alkhamisi yao, asikilize, aongoze hesabu ya rejista. Kozi ya simu awape wale vijana wawili watatu anaowaona wana hamu, kwa sharti kuwa wao ndo watakuwa watafutaji wa vituo vyao. Angelikuwa na mwongozo mpya wa kuutangaza ningemwambia semina kwanza. Angelikuwa na tabibu mmoja tu kwenye kisiwa kidogo pembeni, asiekuwa na wa kukaa nae kikao, ningemwambia simu, na umpigie kila wiki mjadili mgonjwa mmoja.

Kaniuliza na posho ya Alkhamisi je? Nikamwambia ni saa za kazi, weka chai na maandazi, na wakubwa wa wilaya waje mara moja moja waone ile kalamu nyekundu.

Juzi kanitumia picha ya daftari la kituo cha kwanza. Swali la mwanzo kabisa kaliandika yule anaeandikisha wagonjwa mlangoni, kwa herufi kubwa: KWA NINI KILA MWENYE KIKOHOZI NAMUONA ANATOKA NA AMOKSILINI?